Kadi ya Josh Gibson Si Sadaka

Katika kauli ambazo zimezoeleka hata zikavaa joho la hekima, ipo isemayo kwamba mtu ambaye matendo yake hayakuandikwa yote hana haki ya kuhesabiwa safu moja na walioandikwa, na kwamba akihesabiwa, basi amehesabiwa kwa huruma tu. Kauli hiyo imenifikia hapa Oli, mtaa wetu wa Arua, kwa njia ambayo sikuitazamia, ndani ya sanduku la mchezo. Kijana wetu mmoja aliyeishi Marekani kwa miaka kadha alirudi na mchezo wa mezani uitwao Strat-O-Matic, ambao ni besiboli ichezwayo kwa kadi na dadu badala ya gongo na mpira, na pamoja nao akaleta seti ya kadi za wachezaji weusi wa zamani; naye alipoitoa kadi ya Josh Gibson barazani na kuiweka mbele yetu, alisema kwa sauti ya mtu asemaye jambo lisilo na ubishi, "Hajji, hii ni nzuri kuitazama, lakini ni kadi ya huruma. Huyu hesabu zake hazikukamilika."

Sikumkemea, kwani maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyapokea kwa watu wengi na wakubwa kuliko yeye. Mwishoni mwa Mei 2024, wakuu wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani walipotangaza kwamba hesabu za wachezaji weusi waliocheza katika ligi zao saba baina ya 1920 na 1948 zimeingizwa rasmi katika daftari moja na za wazungu, na kwamba kwa sababu hiyo Josh Gibson ndiye mpigaji mwenye wastani mkubwa kuliko wote katika umri wa mchezo huo, mapigo 372 kwa kila mara 1,000, akimpita Ty Cobb mwenye 367, palizuka minong'ono, na baadaye makelele, kwamba siasa imepenyezwa ndani ya hesabu. Wako waliosema hivyo kwa husuda, nao hao hawanishughulishi sana. Wanaonikera zaidi ni wale wampendao Gibson, wasemao, "Apewe tu, maskini, maana alidhulumiwa". Kwani anayekukanusha hukuachia nafasi ya kujibu, lakini anayekupa haki yako kwa jina la sadaka amekwisha kukunyang'anya hata kabla hujanyoosha mkono kuipokea.

Gibson alizaliwa Buena Vista, katika jimbo la Georgia, tarehe 21 Desemba 1911, akakulia Pittsburgh ambako baba yake alifuata kazi katika viwanda vya chuma. Alikuwa mdakaji, yaani yule achutamaye nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira urushwao, kazi inayokula magoti na vidole, na ambayo aghalabu humwacha mtu bila nguvu ya kupiga inapofika zamu yake. Naye juu ya kazi hiyo akawa mpigaji wa kuogofya, kwanza na baadaye na timu ya Homestead Grays, na katikati yake na Pittsburgh Crawfords. Ligi ya wazungu haikuwa na sheria iliyoandikwa ya kumkataza. Palikuwa na mapatano ya wenye timu, yaliyoshikwa tangu karne ya kumi na tisa, na mapatano ya namna hiyo ni magumu kuvunjwa kuliko sheria kwa sababu hakuna anayekiri kuyaweka. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, umri wake miaka 35. Tarehe 15 Aprili ya mwaka huo huo Jackie Robinson, mweusi mwenzake, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers wa ligi kuu, na ukuta ukavunjika. Miezi mitatu haikutimia baina ya mambo hayo mawili.

Sasa niieleze kadi, maana wengi waihukumuo hawajapata kuishika. Mchezo huu ulitolewa mwaka 1961 na Hal Richman wa New York, aliyeanza kuutunga angali mtoto kwa kuwa michezo ya namna hiyo aliyoiona haikumridhisha kwa hesabu zake. Kila mpigaji ana kadi yenye safu tatu, na kila mrushaji ana kadi yenye safu tatu nyingine. Hutupwa dadu tatu kwa pamoja: moja yenye rangi yake peke yake huamua safu, nayo ikionyesha 1, 2 au 3 jambo husomwa katika kadi ya mpigaji, ikionyesha 4, 5 au 6 husomwa katika kadi ya mrushaji; na jumla ya dadu mbili zilizobaki, ambayo haipungui 2 wala haizidi 12, huonyesha mstari. Kwa kuwa jumla ya 7 hutokea mara 6 katika kila 36, na jumla ya 2 au ya 12 hutokea mara moja tu, mwenye kuandika kadi anajua kwa yakini uzito wa kila mstari anaoujaza, na katika safu zote tatu ana nafasi 108 za kugawa, hana zaidi. Anapotaka kugawa kwa udogo kuliko hapo, huongeza dadu ya nyuso ishirini.

Hapo ndipo penye siri ambayo mwenye kusema "kadi ya huruma" hakuifikiria. Nusu ya mambo yote hutoka katika kadi ya mrushaji, wala si ya mpigaji; kwa hiyo mwenye kuandika kadi hawezi kunakili wastani wa mtu akauweka kama ulivyo. Tuseme kadi ya mrushaji wa kawaida hutoa mapigo 270 kwa kila mara 1,000, nasi tunataka kadi ya mtu aliyepiga 466, ambayo ndiyo hesabu ya Gibson ya mwaka 1943. Itabidi kadi yake peke yake itoe mapigo 662, kwani 662 na 270 ni 932, na nusu ya 932 ni 466. (Natoa mfano wa hesabu ilivyo, si wa yaliyochapishwa katika seti ile.) Kila pigo la ziada uandikalo katika kadi ya mpigaji mmoja, umeliondoa katika hesabu ya warushaji wote watakaomkabili, na ukikaa mezani ukacheza msimu mzima, mchezo kwa mchezo, kama ulimwongezea mtu yasiyo yake, jumla za ligi nzima zitakupinga mbele ya macho yako, warushaji waliokuwa hodari wataonekana mazuzu, na matokeo hayatafanana na yaliyotokea ulimwenguni. Huwezi kutoa sadaka ndani ya kadi bila ya kumwibia mtu mwingine aliye katika sanduku lile lile, naye atakayeibiwa katika seti hii ni nani kama si Satchel Paige na wenziwe, warushaji weusi ambao wahurumiaji wangetaka kuwahurumia pia? Huruma ina mkono mpana. Kadi ina nafasi 108.

Wapinzani wangu watasema, na wamesema, kwamba hayo yote ni sawa ikiwa hesabu iliyoingia ni sahihi, lakini hesabu ya Gibson ni ya michezo michache. Ni kweli kwamba michezo ya ligi iliyothibitishwa katika maisha yake haifiki 700, ilhali Cobb alicheza zaidi ya 3,000. Lakini tazama jinsi watu hao hao walivyonyamaza mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoifupisha ligi kuu ikawa ya michezo 60 badala ya 162. DJ LeMahieu wa New York Yankees akatajwa bingwa wa wastani katika American League, moja ya sehemu mbili za ligi kuu, kwa 364, Los Angeles Dodgers wakavikwa taji, na kadi za msimu huo zikatolewa kama za misimu mingine. Wala sikusikia kijana yeyote akiiita kadi ya LeMahieu kadi ya huruma. Ikiwa ufupi wa msimu ni aibu, basi ni aibu kwa wote, na ikiwa ni ajali ya zama, basi ni ajali kwa wote. Nakubali kwamba msimu mfupi huachia nafasi wastani mkubwa kuliko kawaida, na kwa sababu hiyo 466 ya mwaka mmoja yataka kusomwa kwa hadhari kuliko 372 ya maisha mazima. Lakini hadhari si kukanusha. Na tusisahau kwamba taji alilolitwaa Gibson kwa 466 hiyo, wastani mkubwa wa msimu mmoja, lilikuwa la Hugh Duffy, aliyepiga 440 mwaka 1894, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo mrushaji alikuwa amesogezwa mbali na mpigaji, hata wapigaji wa nchi nzima wakapata sikukuu. Hakuna aliyeiita 440 hiyo sadaka ya wenye kusogeza.

Tuje sasa kwenye hoja yao iliyo kubwa, kwamba madaftari hayakukamilika. Kamati ya wataalamu iliyofanya kazi ile kwa niaba ya ligi kuu, ikiongozwa na mwanahistoria John Thorn, haikuficha jambo hilo: ilisema wazi kwamba takriban robo tatu ya kumbukumbu za miaka hiyo ndizo zilizopatikana. Sababu za upungufu si za fumbo. Timu za watu weusi ziliishi kwa kusafiri. Zilicheza leo mji huu na usiku huo huo mji mwingine, mara na wenzao wa ligi, mara na vijana wa kiwanda, mara na yeyote aliyekuwa tayari kulipa kiingilio, na michezo ya ligi ilikuwa sehemu ndogo ya jasho lao. Magazeti yaliyowafuatia, kama Pittsburgh Courier, Chicago Defender na Afro-American la Baltimore, yalitoka mara moja kwa juma, na gazeti la juma haliwezi kubeba jedwali la kila mchezo. Kwa hiyo watafiti kama Larry Lester na Gary Ashwill wameketi miaka mingi juu ya magazeti hayo, wakilinganisha jedwali la gazeti la mji wa wenyeji na la gazeti la mji wa wageni, wakikataa mchezo ambao haukuwa wa ligi, wakikataa jina ambalo halikuthibitika ni la nani.

Na sisi wa Oli, tuliosomeshwa katika vyuo vya Kurani kabla ya kusomeshwa shuleni, ndio wa mwisho tunaopaswa kushangazwa na kazi ya namna hiyo. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, alizaliwa mwaka 194 wa Hijra, hakumwona Mtume wala hakumwona sahaba. Alichokuwa nacho ni riwaya, na pamoja na riwaya elimu ya kuwajua wapokezi, nani alikuwa muadilifu, nani alikuwa msahaulifu, nani alikutana na nani na nani hakuwahi kukutana naye. Kwa elimu hiyo zikatengwa zilizo sahihi na zilizo dhaifu. Silinganishi dini na mchezo, Mungu apishe mbali. Nataja mizani tu, na mizani ni ile ile. Asemaye kwamba lisilokamilika halijulikani, na aangalie ni mangapi ya elimu yetu sisi wenyewe anayoyabomoa kwa sentensi moja.

Ushahidi kwamba mizani hiyo haina huruma uko katika hesabu ya Gibson mwenyewe, na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo wahurumiaji na wakanushaji hawalitaji. Alipoingizwa mwaka 1972 katika jumba la watukufu wa besiboli kule Cooperstown, bamba lake la shaba liliandikwa kwamba alipiga karibu mara 800 yale mapigo ya kuutoa mpira nje na kumzungusha mpigaji vituo vyote. Hiyo ndiyo riwaya iliyopendwa, na pengine ni kweli ikiwa utahesabu kila mpira alioupiga katika kila kiwanja cha nyasi na cha vumbi alikopita. Watafiti walipoyapitia magazeti na kuacha nje kila kisichokuwa mchezo wa ligi, hesabu hiyo iliporomoka, haikufika hata 200. Nauliza: ni sadaka gani hii inayomnyang'anya maskini mapigo 600? Watu wale wale, kwa mizani ile ile, walimwondolea utukufu wa mapigo 800 wakampa utukufu wa wastani 372. Kama ungekuwa mkono wa huruma uliokuwa ukiandika, ungeanza kwa kulihifadhi lile ambalo tayari lilikuwa limechongwa katika shaba.

Kwa wenzangu wa Koboko, jirani zetu hapa West Nile, nitatoa mfano ulio karibu na nyumbani. Ipo riwaya iliyozunguka ulimwengu mzima, ikaingia hata vitabuni, kwamba Idi Amin, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya raga ya Afrika Mashariki ilipocheza Nairobi mwaka 1955 na timu ya Waingereza na Waayalandi iitwayo Lions. Kisa hicho ni kitamu, na mwenyewe alikuwa pande la mtu, aliyecheza raga kweli na kushika ubingwa wa ndondi wa Uganda katika uzito wake kwa miaka. Lakini ukikipima kinaanguka: zama hizo mchezo wa raga wa ngazi hiyo haukuruhusu mchezaji wa akiba kuingia badala ya mwingine, na katika picha ya kikosi hayumo. Ubingwa wa ndondi unabaki, kisa cha raga kinatupwa, na hakuna aliyelazimika kuutupa na ubingwa kwa sababu ya kisa. Hivyo ndivyo riwaya inavyopimwa, jambo kwa jambo, si gunia kwa gunia.

Lakini iko sababu nyingine inayonifanya nisistahimili neno "hazikukamilika" likitoka katika kinywa cha mtu wa West Nile. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, na zaidi tena mwaka 1980 vita vilipotugeukia sisi wenyewe, watu wa Arua na Koboko walivuka mipaka kwa maelfu, wa huku wakaingia Zaire, wa kule wakaingia Sudan, wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Waliporudi baada ya miaka, nyumba zilikuwa kuta, na mengi ya yale ambayo serikali huyaita ithibati yalikuwa majivu: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati za viwanja, madaftari. Je, tulisema mtu huyu hakuzaliwa? Tulisema huyu hakusoma, kwa kuwa daftari la shule limeungua? Aliitwa mwalimu wake kama yu hai, akaitwa jirani, akaitwa imamu aliyemwozesha, wakaulizwa kila mmoja peke yake, na maneno yao yalipokutana, jambo likathibiti. Hata leo, anayetaka ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, huanza kwa barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na barua hiyo ni nini kama si ushahidi wa mtu anayekujua? Hatukuhurumiana katika jambo hilo. Waongo walikuwako, na walikamatwa, kwa sababu ushahidi wa wengi una meno. Kijana aliyeiita kadi ya Gibson kadi ya huruma, mama yake mzazi hana cheti cha kuzaliwa, nami naujua umri wake kwa kuwa nilimwona akipewa jina siku ya saba; nilimwambia hivyo, "Mwanangu, na mama yako naye tumemhurumia tukasema amezaliwa?" Akacheka, lakini hakujibu.

Na besiboli yenyewe, ikiwa ni lazima tuilete Uganda, imeonja uchungu wa karatasi. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda huko Poland na kupata haki ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano makubwa ya watoto ya ulimwengu, ya kwanza kutoka Afrika kupata haki hiyo. Lakini watoto wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika karatasi za umri na nasaba, na nafasi yao ikapewa timu ya Saudi Arabia. Simlaumu ofisa anayetaka karatasi safi, maana udanganyifu wa umri ni maradhi ya michezo ya vijana popote. Ila mchezo walioushinda waliushinda, na timu ya watoto wa Langley, Kanada, ambayo ilikuwa icheze nao, ilisafiri Januari 2012 kuja Uganda kucheza mchezo uliozuiwa. Mwaka huo huo Agosti, watoto wa Lugazi walifika Williamsport wakiwa na karatasi zao, na kabla ya kurudi wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, kwa 3 kwa 2. Niambieni, ustadi wa watoto wa Uganda ulizaliwa siku muhuri ulipogongwa?

Imebaki ile hoja ambayo huletwa mwisho kwa sauti ya chini, kwamba Gibson alipiga sana kwa kuwa waliomrushia walikuwa hafifu. Hoja hii ina jibu ambalo halihitaji dhana. Mlango ulipofunguliwa, hao wanaoitwa hafifu waliingia, nasi tunajua walichokifanya. Satchel Paige, mrushaji aliyemkabili Gibson kwa miaka, aliajiriwa na timu ya Cleveland ya ligi kuu mwaka 1948, umri wake miaka 42, ambao ni umri wa mtu kukaa kitako akasimulia. Akashinda michezo sita akashindwa mmoja, na timu yake ikatwaa ubingwa. Tangu 1949 hata 1953, tuzo ya mchezaji mpya bora wa National League, sehemu ya pili ya ligi kuu, ilichukuliwa mfululizo na Don Newcombe, Sam Jethroe, Willie Mays, Joe Black na Jim Gilliam, na wote watano walitoka katika ligi za watu weusi. Kama mtu mmoja angefaulu, tungesema ni bahati. Lakini hao walikuwa safu nzima, na walikuwa wale wasiozeeka bado, maana waliokuwa katika ubora wao pamoja na Gibson wengi walikwisha kupitwa na saa. Fauka ya hayo, Homestead Grays walicheza michezo yao mingi ya nyumbani katika Griffith Stadium ya Washington, uwanja ule ule uliotumiwa na timu ya wazungu, wenye upande wa kushoto mpana mno. Ukuta wa uwanja haukumsogelea Gibson kwa kuwa ni mweusi.

Kuna wazee wenzangu watakaosema nimepoteza wino kwa ajili ya dadu, na kwamba dadu ni dadu. Habari ya dadu nawaachia mashehe, nao wanajua kutenga mchezo usio na fedha na vibanda vya kubahatisha vilivyojipanga kando ya soko letu, ambako vijana huacha nauli yao ya kurudi nyumbani. Sheria ya Uganda ya 2016 imewakataza kuingia humo walio chini ya miaka 25, na kila mtu anajua inavyotiiwa. Kwangu mimi jambo la dadu halinizuii kusema juu ya kadi.

Lakini haki yanilazimu niseme pia juu ya kundi la pili, walio upande wangu na ambao singependa wawe upande wangu. Hao hawataki kadi iliyopimwa. Wanataka kadi iliyovimba. Wanasimulia kwamba Gibson aliwahi kuupiga mpira ukatoka kabisa nje ya Yankee Stadium, jambo ambalo halijapata kuthibitika, na wanataka kadi iandikwe kwa kipimo cha visa hivyo, safu zote tatu ziwe moto kutoka juu hata chini. Seti ile ya mwaka 2009, yenye wachezaji 103, iliyotegemea utafiti wa Scott Simkus katika majedwali ya magazeti, haikuwaridhisha watu wa namna hiyo kwa sababu Gibson anashindwa mara nyingine. Unarusha dadu, anakosa mpira, anarudi benchi. Nami nasema hapo ndipo kadi inapokuwa na heshima. Mtu wa visa hakosi kamwe, na kwa hiyo hawezi kulinganishwa na yeyote, na asiyeweza kulinganishwa amewekwa nje ya ukuta kwa mara ya pili, safari hii na wapenzi wake. Kadi inayokosa mara inapopasa kukosa ndiyo inayoweza kuwekwa mezani mbele ya kadi ya Babe Ruth, mpigaji mashuhuri wa ligi ya wazungu, dadu zikatupwa, na atakayeshinda akashinda.

Tena, nimesikia pendekezo la wapatanishi, kwamba hesabu za Gibson zibaki lakini zitiwe alama ndogo ya nyota pembeni, ili msomaji ajue zilipatikana katika hali isiyo ya kawaida. Sina ugomvi na alama hiyo, ila iwe ya wote. Itiwe kwa LeMahieu wa michezo 60. Itiwe kwa Duffy na mrushaji wake aliyesogezwa. Na itiwe kwa Ruth na kwa Cobb, katika kila msimu waliocheza bila ya kukabiliwa hata mara moja, katika mchezo wa ligi, na mrushaji mweusi, ieleze chini kwa herufi zinazosomeka kwamba hesabu hizi zilipatikana huku sehemu ya warushaji bora wa nchi ile ikiwa imefungiwa nje; na seti ikishachapishwa hivyo, nitainunua mimi mwenyewe na kumkabidhi kijana wetu.